Nyumba ya Ngamiani au Nyumba ya Kange: Ulinganisho kwa Familia Inayotaka Kuishi Tanga

Mdogo wangu anarejea Tanga baada ya miaka mingi ya kufanya kazi Dodoma, na amenikabidhi jukumu la kumtafutia nyumba ya kununua kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kaya yake ni ya watu saba: yeye mwenyewe, mkewe, watoto watatu, mama yetu ambaye magoti hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu, na binti anayewasaidia kazi za nyumbani. Baada ya miezi mitatu ya kuzunguka na madalali zimebaki nyumba mbili, na bei zake zimekaribiana kiasi kwamba fedha haiwezi kutuamulia. Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Ngamiani, ndani ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ng'ambo ya reli ukitokea mjini. Ya pili ni nyumba mpya ya vyumba vitatu huko Kange, upande wa stendi kuu ya mabasi, iliyosimama peke yake katikati ya kiwanja na kuzungushiwa ukuta. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, lakini familia nyingi zinazotaka kukaa katika jiji hili hujikuta zikichagua kati ya nyumba za aina hizo mbili.

Katika kuzilinganisha nimeongozwa na jambo moja. Nyumba ipimwe kwa kumtazama anayeshinda ndani yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa anayeondoka na gari alfajiri huirudia akiwa amechoka na hutosheka na kitanda na chakula. Katika kaya hii wanaoshinda nyumbani ni mama, mtoto mdogo wa miaka minne, na binti wa kazi.

Wapo watakaouliza kwa nini Raskazone haimo. Kule kuna upepo wa bahari na Hospitali ya Bombo iko karibu, lakini nyumba tulizoonyeshwa zilizidi uwezo wetu, na moja iliyokaribia uwezo huo ilikuwa imesogea mno ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo niliiacha bila majadiliano marefu.

Majengo yenyewe

Nyumba ya Ngamiani ina mpangilio ambao mtoto wa Tanga anaweza kuutembea akiwa amefumba macho: baraza mbele, mlango wa mbao wa pande mbili, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani kwenye jiko, stoo, bafu na choo. Vyumba vina futi kumi kwa kumi na mbili, na vyote hutokea ukumbini. Kuta za mbele ni za zamani, za mawe, udongo na boriti, na baadaye zilipigwa lipu ya saruji. Za nyuma ni za matofali ya saruji. Mchanganyiko huo ndio uliozaa kasoro kubwa ya nyumba hii. Nilipogonga ukuta wa chumba cha pili kushoto kwa kifundo cha kidole, ulitoa sauti kama ya debe tupu, na kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja kikabanduka, nyuma yake ukionekana unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Nyumba za zamani hazikuwekewa karatasi ya nailoni chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka ardhini, hupenya ukutani, na maji yanapokauka huiacha chumvi hapo. Saruji ngumu iliyopigwa juu ya udongo huuzuia unyevu huo kutoka, nao hujikusanya nyuma ya lipu mpaka uisukume nje.

Dalali alisema mikono miwili ya rangi itamaliza tatizo hilo. Si kweli, na yeyote anayenunua nyumba ya zamani mwambao asikubali maneno hayo. Lipu iliyooza inapaswa kubanduliwa hadi usawa wa kiuno, ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa za kiangazi, kisha upigwe lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa, kwa sababu chokaa huruhusu ukuta wa udongo kupumua. Mchanga uliochotwa ufukweni usiguswe kabisa, kwani hurudisha chumvi ileile iliyokwisha kuondolewa. Kazi hii ina gharama, na gharama hiyo lazima ihesabiwe ndani ya bei ya nyumba.

Nyumba ya Kange haina ugonjwa huo. Ni ya matofali ya inchi sita, ina bati la rangi, dari la jipsamu, vigae sakafuni, na chumba cha masta chenye choo chake. Niliona nyufa mbili zinazotoka kwenye pembe za dirisha la sebule kuelekea juu kwa mshazari. Nyufa nyembamba kama unywele zilizo kwenye lipu tu si za kutisha, lakini hizi mbili ziliingiza ukingo wa sarafu, na ufa wa namna hiyo kwenye pembe ya dirisha humlazimu mtu kuuliza habari za linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango, na za msingi. Fundi niliyekwenda naye alipasua lipu kidogo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, akakuta linta imekatizwa palepale kwenye pembe badala ya kuingia ukutani. Jambo hilo hurekebishika, ingawa ni vizuri lirekebishwe kwa fedha ya muuzaji.

Lipo eneo moja ambalo nyumba mpya inashinda waziwazi, nalo ni choo. Mama huamka usiku mara mbili au tatu. Ngamiani angelazimika kufungua mlango wa nyuma, kushuka ngazi moja na kuvuka uani, tena pengine mvua ya masika ikinyesha na sakafu ikiteleza. Kasoro hiyo peke yake ingetosha kuiondoa nyumba ya Ngamiani, isipokuwa chumba cha mwisho kulia kinapakana na bafu la uani, na ukuta ulio kati yao ni wa matofali. Kutoboa mlango hapo na kuweka choo cha kukaa ni kazi ya siku chache, kwa kuwa bomba la majitaka tayari limepita nyuma ya ukuta huo.

Joto na upepo

Niliitembelea kila nyumba saa nane mchana, kwa sababu asubuhi kila nyumba ni nzuri. Ngamiani, milango miwili ya ukumbi ikiwa wazi, hewa huingia kwa mbele na kutokea uani. Mwenye nyumba alikuwa ametundika kanga kwenye mlango wa nyuma, na muda wote niliokaa kanga ile haikutulia. Hata hivyo vyumba vya pembeni havifaidi upepo huo mpaka milango yake iwe wazi, na madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Usiku, familia ikijifungia vyumbani, joto la kaskazi kati ya Desemba na Machi litakuwa zito.

Kange kuna nafasi pande zote nne, kwa hiyo nilitarajia hewa nyingi. Nilichokikuta ni kwamba mjenzi aliitazamisha nyumba barabarani bila kufikiria upepo wala jua. Vyumba viwili vya kulala vinapokea jua la magharibi tangu saa tisa, kuta zinashika moto, na moto huo unaendelea kutoka hadi saa nne usiku. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu ya upana wake. Dawa ipo: miti miwili ya kivuli upande wa magharibi, mwembe au mwarobaini, pamoja na kibaraza cha bati nje ya madirisha hayo. Kibaraza hujengwa kwa wiki moja, mti huhitaji miaka.

Maji

Maji ya jiji hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na nyumba zote mbili zimeunganishwa. Tofauti nimeikuta kwenye msukumo. Ngamiani nilifungua bomba la uani saa moja asubuhi, wakati kila mtu anaoga, nikajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili hivi. Kange, saa hiyohiyo ya siku nyingine, bomba lilitoa uzi mwembamba, na jirani akanieleza kwamba wao hukinga usiku.

Kwa sababu hiyo ukubwa wa tangi ni jambo la kuhesabu kwa kalamu. Watu saba wakitumia ndoo tatu kila mmoja kwa siku, kwa kuoga, kufua, kupika na choo cha kuvuta, ni ndoo 21, yaani lita 420. Tangi la lita 2,000 lililoko Kange litaisha kabla ya siku tano, na kama mgeni amekuja au mtoto ameugua tumbo, ni siku tatu. Ningependekeza la lita 5,000, likalie mnara imara wa zege. Ngamiani tangi dogo la akiba litatosha, na kuna visima vya majirani, ingawa maji yake yasinywewe, kwa kuwa mashimo ya vyoo yako karibu mno.

Mtaa

Kama ningezilinganisha nyumba peke yake, pengine ningeandika jibu hapa, nalo lingekuwa Kange. Lakini mtu hanunui kuta tu, ananunua na walio upande wa pili wa kuta hizo.

Nilikaa kwenye baraza la Ngamiani kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, siku ya kazi. Katika muda huo alipita muuza samaki mwenye baiskeli na tenga lake la changu na vibua, akapita wa mboga, akapita mwanamke wa bajia na kachori. Wazee watatu walisimama kunisalimu na kuniuliza mimi ni wa nani, na nilipotaja jina la marehemu baba, mmoja akaketi na kunieleza walisoma chuo kipi cha Kurani pamoja. Mtoto wa jirani alianguka kwenye mtaro, na kabla mama yake hajatoka ndani tayari watu wawili walikuwa wamemwinua na kumfuta. Mama yetu, aliyezaliwa barabara chache kutoka hapo, ataketi kwenye baraza hilo na dunia itamjia miguuni pake. Magoti yake hayatamfungia ndani.

Kange nilikaa muda uleule. Palikuwa kimya, pasafi, na hewa haina moshi. Alipita bodaboda mmoja aliyepotea njia. Mageti yote yalikuwa yamefungwa, na sababu yake inaeleweka, kwani wenye nyumba hizo ni watumishi na wafanyabiashara ambao huondoka asubuhi na kurudi jioni. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Yule jirani aliyenieleza habari za maji alinikaribisha vizuri, akanipa maji baridi, akaniambia wana kikundi cha kusaidiana wakati wa msiba. Lakini nilipomuuliza kama anamfahamu mgonjwa au mzee yeyote katika nyumba tano za jirani, alifikiri kidogo, kisha akataja nyumba moja.

Nilimpigia mama simu nikamweleza nyumba zote mbili, na kuhusu ya Kange aliuliza jambo moja.

"Mwanangu, mchana nikianguka huko bafuni, nikiita, nani atanisikia?"

Nilijibu kwamba binti wa kazi atakuwepo. Akasema binti naye hutumwa dukani.

Ni haki pia kutaja yale ambayo mtaa wa zamani humnyima mtu. Ngamiani hakuna usiri. Ugomvi wa mume na mke utasikika, mgeni akija watu watajua alileta nini, na katika miezi ya harusi muziki utadumu hadi usiku wa manane huku turubai likiziba barabara nzima, hivyo kwamba gari lako litalala mtaa wa pili. Mke wa mdogo wangu ni mtu wa kupenda utulivu, amelelewa kwenye nyumba za watumishi, na aliposikia kwamba wapita njia hukaa kwenye baraza la mtu bila kuombwa alishtuka. Dukuduku lake lina uzito, kwa sababu yeye pia ataishi humo miaka yote ya mbele, na baraza la watu linahitaji mwenye nyumba anayelifurahia.

Kwa watoto mizani inakaribia kulingana. Kange wana kiwanja cha kuchezea ndani ya ukuta, nafasi ya kufuga kuku na kupanda mchicha, jambo ambalo Ngamiani halifikiriki. Lakini shule waliyoikusudia iko ng'ambo ya barabara kuu iendayo Segera, ambako mabasi na malori hupita kwa kasi, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuachwa aivuke peke yake. Hivyo kila siku mtu mzima ampeleke na kumrudisha, au walipe gari la shule. Ngamiani shule ya msingi na chuo cha Kurani viko ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na wakubwa wawili wataweza kupanda baiskeli, kama watoto wa Tanga walivyozoea.

Kuhusu hospitali, bajaji kutoka Ngamiani hufika Bombo kwa muda mfupi saa yoyote. Kutoka Kange usafiri wa mchana haupungui, kwa sababu ya stendi, lakini usiku wa manane mwenye mgonjwa atategemea gari lake mwenyewe, na mdogo wangu husafiri kikazi.

Karatasi

Hapa pana hatari kuliko kwenye ufa wowote, na pande zote mbili zina matatizo yake.

Nyumba ya Ngamiani ni ya mirathi. Karatasi zimeandikwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na warithi ni wanane, mmoja yuko Mombasa na mwingine Muscat. Aliyetuonyesha nyumba ni mjukuu, naye alikuwa tayari kupokea malipo ya awali siku hiyohiyo. Mjukuu hana mamlaka hayo. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia kama hii shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Niliomba kuiona barua ya usimamizi, ikaletwa baada ya wiki tatu, ikiwa na jina la shangazi yao mkubwa. Ingawa msimamizi ndiye anayetia saini, nimetaka pia muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote wanane, pamoja na picha zao, kwa kuwa mrithi asiyeridhika huweza kumsumbua mnunuzi mahakamani kwa miaka, hata kama mwisho wa yote atashindwa. Sita wamekwisha kutia saini.

Nyumba ya Kange ina hati, na kiwanja kimepimwa. Upekuzi katika ofisi ya ardhi umeonyesha kwamba hati ni ya muuzaji, haina mkopo wala zuio. Nilipokwenda na mpima kutafuta bikoni nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja, tatu tulizikuta, na ya nne ilikuwa ndani ya ukuta, futi nne kutoka ukingoni. Maana yake ukuta umetoka nje ya kiwanja na kuingia kwenye eneo la barabara, na siku barabara hiyo itakapotengenezwa ukuta huo utavunjwa bila fidia. Kisha kuna suala la mke. Muuzaji ana mke anayeishi mkoa mwingine, na nyumba hiyo waliishi pamoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwenza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nilipoomba ridhaa hiyo kwa maandishi, bwana huyo aliniambia kwamba hayo ni mambo yao ya ndani. Nimemjibu kwa heshima kwamba mara tutakapolipa yatakuwa mambo yetu, na mpaka ninapoandika haya sijaiona saini ya mkewe.

Ninachomshauri

Kwa kaya yenye wazazi wenye afya na gari la uhakika, isiyo na mzee, yenye watoto wadogo wanaohitaji uwanja, na yenye subira ya kusubiri miti ikue, ningeichagua Kange bila kusita, ilimradi mke wa muuzaji atie saini na linta irekebishwe. Kwa kaya hii ya watu saba nachagua Ngamiani, kwa masharti matatu: saini mbili zilizobaki zipatikane, gharama ya kubandua lipu ikatwe kwenye bei, na choo cha chumba cha mama kijengwe kabla hajahamia. Kwa ajili ya shemeji yangu ningeongeza kwamba vyumba viwili vya nyuma upande wa kushoto vifanywe sehemu yake yeye na mumewe, vipewe mlango wa uani, ili apate mahali ambapo wapita njia hawafiki.

Vyumba sita vina faida nyingine ambayo mdogo wangu hajaifikiria. Chumba cha mbele kushoto kinaweza kutobolewa mlango wa barabarani kikawa fremu ya duka, nacho kitamlipia maji na umeme mwezi ambao mshahara umechelewa. Nyumba ya Kange haiwezi hilo, kwani hakuna mteja anayepita.

Fedha yote isitolewe kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka siku ya kukabidhiwa funguo, na siku hiyo msimamizi wa mirathi awepo mwenyewe. Mita za umeme ziko mbili katika nyumba hii, moja ya vyumba vya mbele na nyingine ya uani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani malipo ya umeme ya kabla, kwa hiyo aulize ni mita ipi inayoibeba na kama kuna deni, kisha asome namba za mita ya maji mbele ya wote, aziandike kwenye mkataba, na ndipo atoe fedha iliyobaki.